Dakika Sita za Haselreuth

Irmela alikuwa ameandika saa mbili kwenye mkono wake wa kushoto, kwa kalamu ya wino usiotoka kwa jasho. Saa sita na dakika kumi na nne. Saa sita na dakika ishirini. Ya kwanza ni saa ambayo Gernot, mwenzake wa timu, angefika na baiskeli yake kama angeendesha mwanzo mpaka mwisho kama watu wengine. Ya pili ni saa ambayo angefika kama angefanya tena, kule kijijini Haselreuth, lile jambo alilolifanya kila mwaka bila kumwambia mtu.

"Umejiandikia dozi ya dawa?" aliuliza Ottmar, akiuchungulia mkono ule. Ottmar alikuwa mkimbiaji wa timu ya zimamoto, jitu la mabega mapana lililokuwa likirukaruka pale pale lilipo ili kupasha misuli. "Au ndiyo majibu ya mtihani?"

"Wewe ruka tu," alisema Irmela. "Leo aproni utafunga wewe."

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo. Mwaka juzi pia."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana ilimuuma. Timu yao na timu ya zimamoto walikuwa na desturi yao tangu zamani: watakaotangulia kufika wanakaa mezani kwenye karamu ya jioni, na waliochelewa wanafunga aproni nyekundu na kuwapelekea bia na soseji mbele ya mji mzima, huku wakitaniwa na kila mwenye mdomo. Irmela, Gernot na Swantje walikuwa wamezifunga aproni hizo miaka tisa mfululizo. Swantje alikuwa ameshajifunza kubeba vikombe vinane vya bia kwa mara moja. Mwaka jana walipitwa kwa dakika nne na sekunde kumi tu.

Mwaka huu haukuwa kama mingine. Goti la kulia la Irmela lilikuwa limepangiwa upasuaji mwezi wa tisa. "Baada ya hapo utatembea vizuri sana," daktari alimwambia, na Irmela, ambaye siku zote husikiliza zaidi yale ambayo mtu hakuyasema, alielewa. Hizi ndizo mbio zake za mwisho. Alitaka kitu kimoja tu kabla ya kisu: kumwona Ottmar amefunga aproni, anamletea bia, na anamwambia karibu.

Asubuhi Swantje alikuwa ameogelea sehemu yake katika mfereji mkubwa wa meli, akatoka majini akipiga kelele kama alivyozoea, akamfunga Gernot ule ukanda wa kifundo cha mguu wenye chipu inayohesabu muda. Ukanda ndio timu. Miguu sita, ukanda mmoja. Gernot akaondoka nao kwa kilomita tisini, mizunguko miwili ya vijiji, na sasa Irmela alikuwa akimsubiri ili auchukue ukanda na kukimbia ishirini na moja zilizobaki, kufuata mfereji mpaka kanisa la Haselreuth na kurudi.

Dakika sita zenyewe alizigundua mwezi wa kwanza, akiwa amelala kwenye kochi na barafu gotini. Irmela ni mpima ardhi wa wilaya. Miaka thelathini amekuwa akitafuta mawe ya mipaka yaliyozama kwenye nyasi, na mtu wa kazi hiyo akiona hesabu isiyokaa sawa, chakula hakishuki. Alifungua matokeo ya mbio kwenye kompyuta, mwaka baada ya mwaka, akatazama saa zilizorekodiwa na mikeka ya kupimia muda iliyotandazwa barabarani. Gernot aliendesha kwa mwendo uleule kila mahali. Hakuchoka mlimani, hakulegea kwenye upepo. Ila mzunguko wa pili, kati ya daraja la Haselreuth na njia panda ya juu, kipande cha kilomita mbili zisizo na hata kilima, kila mwaka ziliyeyuka dakika sita. Siyo tano, siyo saba.

Dakika sita mtu anafanya nini? Haja ndogo haichukui dakika sita. Pancha haitokei mahali pamoja miaka kumi na moja. Mwanamke? Mwanamke wa dakika sita kwa mwaka! Irmela alicheka peke yake mpaka barafu ikaanguka.

Akaanza kukumbuka mengine. Ile kengele, kwa mfano. Gernot ni fundi wa mabomba ya kupasha nyumba joto, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache, lakini baiskeli yake aliipenda kwa wivu. Aliukata mpini wa mswaki wa safarini ili mzigo wake upungue. Alitoboa vitundu kwenye vyuma ili uzito ushuke kwa gramu mbili. Halafu juu ya baiskeli hiyohiyo, kwenye usukani, alifunga kengele ya mtoto, ya bati, yenye picha ya mdudu mwekundu mwenye madoa meusi. Watu walimcheka. Yeye alisema, "Kanuni za barabara," na wote walijua hakuna kanuni kama hiyo kwenye mbio.

Na lile doa. Kila mwaka Gernot alifika na doa la kahawia kifuani. "Mafuta ya mnyororo," alisema. Irmela alikuwa ameyaona mafuta ya mnyororo maishani mwake. Ni meusi, na hayanuki vitunguu.

Wiki tatu kabla ya mbio alishindwa kujizuia. Walikuwa jikoni kwa Swantje, wanakula saladi ya viazi, na Irmela akaiweka mezani karatasi aliyochora mstari wa kila mwaka kwa rangi yake.

"Gernot, ndugu yangu," alisema, "Haselreuth kuna nini?"

Gernot aliitazama karatasi. Masikio yalimwiva.

"Hakuna kitu."

"Dakika sita za hakuna kitu? Mara kumi na moja? Tungekuwa tumewashinda zimamoto mara saba. Nimepiga hesabu."

"Tena kwa rangi," alisema Swantje, ambaye alizaliwa pwani ya kaskazini, kazi yake ni kung'oa watu meno, na hana subira na mambo ya kuzunguka. "Wee Irmela, mwache mtu na dakika zake. Kila mtu ana shimo lake."

"Simlaumu. Nataka kujua tu."

Hapo alisema uongo kidogo, kwa sababu alitaka kujua na alitaka pia kushinda, na vitu hivyo viwili vilikuwa vimeshikana asijue kipi kinamsukuma kingine. Akaongeza, "Mimi goti langu halina mwaka mwingine, Gernot."

Gernot aliikunja ile karatasi mara nne na kuitia mfukoni. "Nitazirudisha," alisema. Saladi yake hakuimaliza.

Sasa spika zililia uwanjani na wakimbiaji wakasogea kwenye kamba. Baiskeli ya kijani ilikuwa inaingia. Irmela alitazama saa. Saa sita na dakika kumi na tatu.

Moyo ulimruka. Alikuwa amezirudisha, na nyingine moja ya juu! Gernot alitupa baiskeli kwenye chuma cha kuegeshea, akachechemea mpaka kwake na viatu vile vigumu vya kuendeshea, akapiga goti chini na kuanza kuufungua ukanda mguuni mwake. Fulana yake ilikuwa safi kabisa. Irmela aligeuza macho kwenye usukani wa baiskeli ya kijani na kuona mahali palipokuwa na kengele: pete nyeupe ya chuma isiyochomwa na jua, basi.

"Kengele iko wapi?"

"Nyumbani. Toa mguu."

"Gernot, uso wako..."

"Irmela, nenda!" Aliubana ukanda kwenye kifundo chake mpaka ukamuuma. "Umezitaka, nimekuletea. Usiniulize kitu. Kimbia."

Akakimbia. Zimamoto walikuwa bado. Alikuwa ameshapita daraja la watembea kwa miguu aliposikia nyuma yake spika zikiwatangaza, akatazama saa: dakika nne kasoro kidogo. Ottmar angemla dakika mbili njiani, hilo alilijua, Ottmar ana mapafu ya farasi. Zilibaki mbili. Mbili zilitosha. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa alikuwa anakimbia akiwa mbele ya mtu huyu, na njia ya mfereji ilikuwa nyeupe na tambarare, na goti lilinyamaza, na furaha ilimjaa kifua kizima.

Lakini kichwa chake hakijui kukaa kimya. Kilomita ya tatu kilikuwa kimeshaanza. Fulana safi, kengele hakuna, dakika sita zimerudi. Vitu vitatu vimeondoka pamoja, basi vitatu hivyo ni kitu kimoja. Mtu anapiga kengele ili asikiwe. Asikiwe na nani, kwenye barabara iliyofungwa, isiyo na gari wala kuku? Na anayesikia anampa kitu cha kahawia chenye vitunguu. Kilomita ya sita aliona kwamba alikuwa anatabasamu kama mtu anayefumbua fumbo la gazetini. Kilomita ya nane aliukumbuka uso wa Gernot na tabasamu likaisha. Ule haukuwa uso wa mtu aliyeshinda. Irmela ameuona uso ule kazini, kwa watu wanaotia sahihi kuuza shamba.

Haselreuth ilikuwa imetoka nje, kama kila mwaka. Mabenchi ya bia yalipangwa kando ya njia, watoto walishika mipira ya maji, bendi ya tarumbeta ilikuwa inapiga wimbo uleule kwa mara ya arobaini. Nguzo ya kugeukia ilisimama mbele ya kanisa. Irmela aliizunguka, mkeka ukalia chini ya mguu wake, akachukua kikombe cha maji kwa mama mmoja mnene aliyevaa kizibao cha msimamizi.

"Wewe ni wa kwanza katika timu za mji!" alisema yule mama. "Umewaacha kina Ottmar dakika tatu, nimesikia kwenye redio. Hivi, huko kwa waendesha baiskeli hakuna aliyeanguka?"

"Sijasikia. Kwa nini?"

"Si Mama Kunigunda pale chini. Tangu saa tano na robo amekaa nje, ananitumia watu niulize kama kuna aliyeanguka. Nikamwambia ingia ndani, mama, baiskeli zimeisha. Hasikii. Anasema hajasikia kengele."

Irmela alikuwa ameshapiga hatua ishirini za kurudi alipolielewa neno lile la mwisho. Akasimama. Mkimbiaji aliyekuwa nyuma yake alimkwepa na kumtukana.

Barabara ya baiskeli ilipita chini ya kanisa, hatua hamsini hivi, upande ambao Irmela hakuwahi kuutazama, kwa sababu kila mwaka alipofika hapa palikuwa patupu na milango imefungwa. Leo kulikuwa na kikongwe kwenye benchi mbele ya geti la kijani. Amevaa nguo ya Jumapili. Mapajani ameshika sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, na kichwa amekiinamisha upande wa darajani, anasikiliza.

Aibu ilimpanda Irmela kutoka miguuni. Alikuwa amejiuliza majira yote ya baridi, amechora kwa rangi, amecheka peke yake kwenye kochi. Kumbe jibu lilikuwa na mikono na lilikuwa linasubiri.

Akarudi kwa yule msimamizi. "Kanuni inasemaje? Nikitoka njiani?"

"Unaingia tena palepale ulipotokea, basi. Unaumwa?"

"Nimesimama hapa," alisema Irmela, akaweka kikombe chini kwenye lami palepale alipokuwa, kama anavyoweka alama kwenye mpaka. "Usikiondoe." Kisha akateremka.

"Habari za mchana, mama."

"Nani?" Macho ya kikongwe yalikuwa yamefunikwa na ukungu, yalimtafuta pembeni ya pale alipokuwa. "Wewe ni wa hospitali?"

"Hapana, hapana mama! Naitwa Irmela. Nakimbia na Gernot, timu moja. Gernot mzima. Hajaanguka. Ameshafika mjini, tena mapema."

Mama Kunigunda alivuta pumzi ndefu, na sahani mbili mapajani mwake zikagongana kidogokidogo, hazikunyamaza.

"Mbona hakupiga kengele?" aliuliza. "Mimi baiskeli sizioni, binti. Zinapita tu, fyuu, fyuu, zote sawa. Yeye hupiga kuanzia kwenye kona, namimina mchuzi. Leo nimezihesabu zote. Nikasema huyu amelala mtaroni mahali."

"Hakupiga kwa sababu yangu," alisema Irmela. Lilikuwa gumu kutoka, akalitoa. "Mimi ndiye niliyemwambia anapoteza dakika sita. Sikujua anazipotezea wapi. Nilimsonga, mama. Akaona haya kusema, akaona haya kusimama."

Irmela alisubiri afukuzwe, na angeona ni haki.

"Dakika sita," alisema Mama Kunigunda mwishowe. "Donge moja la viazi na mchuzi ndio dakika sita. Mwaka wa kwanza alitaka kulila amesimama, mguu mmoja kwenye baiskeli. Nikamwambia, mwanangu, mbwa ndiye anayekula amesimama. Jumapili ni Jumapili. Barabara wanaifunga kwa gari tangu asubuhi, hawezi kuja kula kwangu kama Jumapili nyingine, basi aje na baiskeli yao hiyo, na akae." Akapapasa benchi kwa kiganja. "Kaa."

"Mama, mimi nina..."

Alitaka kusema ana mbio. Alitaka kusema goti, na mwezi wa tisa, na aproni, na miaka tisa. Alitazama juu kwenye njia ya kanisa. Ottmar alikuwa bado hajaonekana. Angeweza kusema samahani, akapanda zile hatua hamsini, akarudi kwenye kikombe chake, na jioni angekaa mezani. Habari ilikuwa imeshafika, mwanawe mzima. Nini tena?

Ila kikongwe hakuwa amekula. Sahani zilikuwa bado zinagongana. Irmela aliona wazi kwamba hatakula peke yake, atakwenda ndani na kumwaga kila kitu, na hapo hapo akajua pia kwamba anataka kulia, kwa hasira, kwa sababu alikuwa anaitaka sana ile meza.

Akakaa.

Donge lilikuwa kubwa kama ngumi ya fundi wa mabomba, limepoa, na mchuzi wa nyama ya nguruwe na vitunguu umegandia juu yake. Sahani ilikuwa na mawili. Mama Kunigunda aligawa kwa kugusa. "Hili lako. Hili langu. La Gernot liko ndani, ninalo kwenye kitambaa, usiliguse."

Wakala. Ndani ya donge kulikuwa na vipande vya mkate vilivyokaangwa kwa siagi, kama inavyotakiwa. Irmela alikuwa na njaa kuliko alivyojua. Kikongwe alimuuliza Gernot anaendeshaje, anapita watu au anapitwa, maana yeye humuuliza kila mwaka na Gernot hujibu, "Naenda tu, mama." Irmela akamwambia. Akamwambia Gernot anapanda mlima wa Kalkberg bila kunyanyuka kwenye kiti, kwamba mwaka jana aliwapita watu sitini, kwamba vijana wa miaka ishirini wanamwogopa. Alikuwa na tarakimu zote kichwani, za miaka kumi na moja, na hakuwahi kupata mtu aliyezitaka namna hii. Mama Kunigunda aliacha kutafuna ili asikose hata moja. Sahani zilikuwa zimetulia.

"Irmela!" Sauti ilitoka juu kanisani. Ottmar alikuwa amezunguka nguzo na kumwona. Alisimama kabisa, mdomo wazi. "Wee! Umekaa unakula?"

"Nakula."

"Katikati ya mbio?"

"Nenda zako, Ottmar, kabla sijakukaribisha!"

Alikwenda, akigeuka nyuma mara mbili. Irmela aliutazama mgongo wake mpana ukiishia nyuma ya bendi ya tarumbeta. Ilimuuma, ilimuuma vilevile alivyotarajia. Akafuta mchuzi kwa kipande cha mwisho cha donge.

Alipoinuka, Mama Kunigunda aliingia ndani akipapasa mlango, akarudi na kitambaa cha mirabamiraba kilichofungwa fundo. Kilikuwa kizito na kimelowa chini. "Mpe. Mwambie nimesema asile amesimama."

"Nitamwambia."

"Na kengele airudishe."

Kikombe kilikuwa palepale kwenye lami. Yule msimamizi alikuwa amekisimamia, mikono kiunoni, akiwazuia watoto.

Kilomita kumi ni nyingi ukiwa na donge la viazi tumboni na jingine mkononi. Irmela alijaribu kulishika kulia, akajaribu kushoto, mwishowe akalikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, na mchuzi ukapita kitambaani ukaingia kwenye fulana. Goti lilianza kusema kilomita ya kumi na nne, na ya kumi na saba lilikuwa linapiga kelele. Wakimbiaji walimpita. Mmoja alimuuliza kama hiyo ni dawa. Alisema ndiyo.

Desturi ya mbio za kupokezana ni kwamba wenzako wanakungoja mita mia mbili kabla ya mstari, ili mvuke pamoja. Swantje alikuwa anarukaruka kwenye kona akiwa bado na alama za miwani ya kuogelea usoni.

"Ulikuwa wapi, we mwanamke!" alipiga kelele. "Ottmar ameshafika zamani, ameketi, anasema ati ulikuwa mgahawani! Spika zimesema umekaa Haselreuth dakika..."

Hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Gernot alikuwa amesimama nyuma yake. Alitazama kifua cha Irmela, lile doa la kahawia, pana kuliko lake lolote. Akatazama kitambaa. Kile kitambaa alikijua.

"Alikuwa nje?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tangu saa tano na robo. Alidhani umeanguka."

Gernot alijifunika uso kwa ile mikono mikubwa.

"Sasa anajua hujaanguka," alisema Irmela. "Nimemwambia pia kuhusu Kalkberg. Nisamehe, Gernot. Ningekuuliza vizuri, au ningenyamaza." Akamnyooshea kile kitambaa kwa mikono miwili. "Pokea. Amesema usile umesimama."

Mstari wa kumalizia ulikuwa mita mia mbili mbele, na juu yake saa kubwa nyekundu ilikuwa inakwenda. Chipu ilikuwa bado mguuni mwa Irmela, inahesabu. Gernot aliitazama saa, akalitazama fundo. Kisha akaketi kwenye ukingo wa barabara, akaweka kitambaa magotini na kukifungua. Irmela alijishusha pembeni yake, goti limenyooshwa mbele kama ubao, na watu waliokuwa nyuma ya uzio wakaacha kupiga makofi, hawajui wapige au wasipige.

Swantje alibaki amesimama juu yao, mikono hewani. Timu nyingine ikawapita, na nyingine.

"Jamani," alisema, "hapa kuna nini?"

Gernot alikuwa na donge mdomoni. Irmela akamsogelea ili Swantje apate nafasi, akapapasa ukingo wa barabara kwa kiganja.

"Dakika sita," alisema. "Kaa."